Zoezi Ambalo Hatukulifanya

Vijana wangu, mwezi uliopita mkuu wenu alinialika kituoni kwetu, kwenye zimamoto, nizungumze nanyi kuhusu namna sisi wa zamani tulivyokuwa tukijiandaa kwa maafa. Nilikuja. Nikanywa chai yenu, nikala chapati tatu, nikawasimulia habari za fahali aliyetumbukia chooni, mkacheka mpaka mmoja wenu akapaliwa. Kisha nikapanda boda nikarudi kwangu Kiyeyi. Njia nzima nilijiona kama mwizi, kwa sababu neno lililonileta sikulisema. Ndipo nikaona niandike. Someni taratibu. Nimestaafu, sina mkubwa wa kuniharakisha, na nitaandika jinsi mambo yanavyonijia.

Kwa wale ambao hamkuwepo siku ile, nianze na huyo fahali, maana yeye ndiye aliyeniingiza katika kazi ya mashimo.

Nilikuwa sijamaliza hata mwaka kazini. Mkulima mmoja alituma mtu kwa pikipiki kusema fahali wake amevunja sakafu ya choo cha zamani na yuko chini analia. Mkuu wetu wa mafunzo wakati huo alikuwa Afande Emuria, mtu wa kabila la Wateso kutoka Tororo, mrefu wa sauti ya chini, aliyependa kutafuna kijiti cha kiberiti. Tulipofika niliruka kutoka garini kabla halijasimama vizuri, nikakimbia mpaka ukingoni nichungulie. Ukingo ukakatika. Nikashuka nao, nikatua ubavuni mwa fahali, mimi na yeye tukiwa katika hali ambayo sitaieleza kwa watu wanaokula.

Emuria hakucheka. Alitandaza mbao kuzunguka shimo, akalala juu yake kifudifudi, akanitazama, akasema, "Sasa tuna ng'ombe wawili."

Kisha akawafundisha wenzangu kazi huku mimi nikiwa chini nasikiliza. Uzito wa mtu usikae mahali pamoja ukingoni, ndiyo maana mbao hutandazwa kwanza. Injini zote zizimwe au zisogezwe mbali, kwa kuwa udongo husikia mtetemo kabla ya sikio lako. Mtu mmoja asimame asifanye lolote ila kutazama kuta, asishike kamba, asijibu simu, na akisema tokeni, hakuna anayemwuliza kwa nini. Halafu ubao husimamishwa ukutani upande huu na mwingine upande wa pili, nguzo ikakazwa katikati kwa kabari, ukashuka hatua kwa hatua, kila hatua ukiwa na mbao juu yako na pembeni mwako. Mwisho kabisa ndiyo kamba. Wengi huanza na kamba kwa sababu kamba inapendeza machoni.

Fahali alitoka mzima. Mimi nilinuka wiki nzima.

Emuria alikuwa amepelekwa mafunzoni kwa miezi kadhaa akasomea uokoaji wa watu walionaswa, na alirudi na imani moja. Alisema huku kwetu ardhi itatuulia watu wengi kuliko moto. Alizihesabu sababu kwa vidole: visima vinavyochimbwa kwa mkono, vyoo, machimbo ya mchanga, na zaidi ya yote mashimo ya dhahabu ya upande wa Tiira, ambako watu hushuka chini kwa kamba na tochi na maombi. Basi akaenda kwa wenye mashine za mbao akaombaomba mpaka akapata mbao nzito na nguzo za mkaratusi. Akazikata kwa vipimo, akazipaka ncha zake rangi nyekundu ili mtu yeyote akiziona popote ajue ni za kituo, akazipanga nyuma ya gereji chini ya mabati. Tukachimba shimo la mazoezi karibu na ua. Kila mwezi tulishuka humo. Kipimo chake kilikuwa sufuria ya maharage ya jikoni kwetu: ilipobandikwa tulianza, na ilitakiwa tuwe tumefika chini na kumtoa "majeruhi" kabla haijaiva. Mwanzoni tulikula maharage yaliyoungua. Baada ya mwaka tulikuwa tukiyangoja.

Watu walimcheka. Walimcheka pia alipochukua vichwa vya kuungia mipira yetu ya maji, akavuka mpaka wa nchi kuomba vichwa vya wazimamoto wenzetu wa upande wa pili, akavipeleka vyote kwa fundi wa kuchomelea kule Tororo atengenezewe kipande cha kuviunganisha. Havikuwa vinaingiana. Sisi tulikuwa na aina yetu na wao na yao. Kile kipande kilikaa kwenye sanduku la gari karibu mwaka mzima. Halafu lori la magodoro likawaka katikati ya foleni ya mpakani Malaba, huku na huku malori, mengine ya mafuta, madereva wanakimbia na viatu mkononi. Gari la wenzetu lilikuwa na maji upande ule, letu lilikuwa limeishiwa upande huu. Emuria akafungua sanduku, akaunganisha, maji yakapita. Kesho yake watu walisifia magari. Sikusikia mtu aliyesifia kile kipande cha chuma, na Emuria mwenyewe alikuwa ameshakipaka grisi na kukirudisha sandukuni.

Nawaambia haya mjue kwamba nilifundishwa. Sitaki mmoja wenu aseme maskini Othieno, hakuonyeshwa.

Emuria alipostaafu, kazi ya mafunzo nilipewa mimi. Alinikabidhi funguo, orodha, na kitabu cha mazoezi, daftari kubwa la jalada gumu ambamo kila zoezi liliandikwa na kutiwa sahihi. Hakuhutubia. Aliniomba jambo moja tu, kwamba zoezi la shimo nisiliache, hata kama mengine yatanishinda.

Sikuliacha kwa makusudi, na huo si utetezi. Muda si mrefu tulipata vifaa vipya: makoti, kofia ngumu zenye taa, mitungi ya hewa ya kubeba mgongoni. Vilikuwa vizuri na vilihitaji mazoezi yake, na watu walikuja kututazama na kupiga picha. Zoezi la shimo lilikuwa la matope. Hakuna aliyelipiga picha. Vijana wangu wa wakati huo walilinung'unikia, nami nikaanza kulisogeza, kutoka wiki ya kwanza ya mwezi mpaka ya mwisho, kutoka ya mwisho mpaka mwezi unaofuata.

Kisha mgeni mkubwa akatangazwa kuja mjini, na waliokuwa wakiandaa sherehe walipungukiwa na mbao za jukwaa. Wakaja kwangu. Walisema ni siku tatu tu. Mimi ndiye niliyefungua lile banda, na mimi ndiye niliyewasaidia kupakia. Siku tatu zikapita, wiki ikapita. Nilipita uwanjani nikaona jukwaa bado limesimama, ncha nyekundu zinachungulia chini ya kitambaa, nikajiambia nitazifuata Jumatatu. Mjue Jumatatu hiyo haijafika mpaka leo.

Mwisho wa mwezi nilikaa na kitabu. Mbao hazikuwepo, zoezi halikufanyika, na ukurasa ulikuwa unaningoja. Nikaandika: "Zoezi la shimo limefanyika. Wote wamehudhuria. Hakuna tatizo." Mkono ulisita kidogo. Mwezi uliofuata haukusita. Niliandika hivyo miezi tisa.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida, asubuhi ya jua baada ya usiku wa mvua. Kama saa nne simu ikalia: shimo limebomoka upande wa Tiira, mtu mmoja yuko chini, hai, anaongea. Tulitoka watu sita. Aliyeendesha gari alikuwa Abdallah, mtoto wa mjini Tororo, ukoo wa wasafirishaji, dereva ambaye sijaona wa kumfananisha naye. Tulifika haraka kuliko nilivyotegemea, tukakuta umati.

Aliyekuwa chini aliitwa Wanyama, mtu wa miaka kama thelathini. Ukuta mmoja ulikuwa umemwangukia ukamshika miguu mpaka mapajani. Kina cha shimo kilikuwa kama kimo cha nyumba ya ghorofa mbili. Kando ya shimo pampu ndogo ilikuwa inanguruma, inavuta maji. Mkewe, Taaka, alikuwa amekaa chini mbele ya umati, amefunga mikono kifuani kama mtu anayehisi baridi.

Nilitandaza mbao mbili tulizokuwa nazo garini, nikalala, nikamwita. Akajibu vizuri. Akasema miguu haimwumi sana ila haiwezi kusogea. Nikamwambia jina langu na kwamba sitaondoka. Hilo nililifanya sawasawa.

Kisha mzee mmoja akanisogelea. Aliitwa Mzee Egesa, mtu wa kabila la Wasamia aliyechimba mashimo hayo tangu ujana wake, mikono yake kama mizizi. Alikuwa na vijana wake wawili wachimbaji na rundo la nguzo za mkaratusi walizokuwa wameshaanza kukata.

"Afande," akaniambia, "hii shimo mimi najua. Nipe nafasi, tunashuka na miti, tunafunga ukuta pole pole mpaka kwake."

Nilimtazama. Amevaa kaptula iliyochanika na hana viatu. Mimi nimevaa kofia yenye taa. Nikamwambia asogee nyuma na watu wake, kazi hii ina wataalamu. Nilisema kwa sauti, watu wasikie.

Sasa nikawageukia wataalamu wangu. Watatu kati ya watano hawakuwahi kushuka kwenye shimo la mazoezi hata siku moja. Mmoja akaniuliza kwa sauti ndogo tunaanzaje. Nikatafuta mbao kwa macho, kama mtu anayepapasa mfuko aliotobolewa, na hapo ndipo nilipoliona lile jukwaa kichwani mwangu, na kitambaa chake.

Nikamtuma Abdallah mjini akatafute mbao popote. Halafu nikakumbuka somo la injini, nikaamuru pampu izimwe kwa sababu ya mtetemo. Mzee Egesa akapaza sauti kutoka nyuma kwamba nisizime, niisogeze tu mbali na kuongeza urefu wa bomba, la sivyo maji yatapanda. Nilimsikia. Lakini nilikuwa nimeshaamuru mbele ya watu wote wale, na kugeuza amri kulinishinda. Pampu ikazimwa.

Kukawa kimya kizuri. Tukaweza kumsikia Wanyama hata akipumua.

Nilikaa naye. Tuliongea mambo ya kawaida. Aliniuliza kama mvua itanyesha tena. Aliniambia ana shamba la muhogo upande wa mama yake na kwamba alitaka kuacha kuchimba baada ya mavuno. Aliuliza kama mkewe yupo, nikasema yupo, akaniomba nisimruhusu asogee ukingoni. Baada ya muda akasema maji yameanza kufunika mapaja. Baadaye akasema tena, bila kupandisha sauti, "Afande, maji imefika tumbo."

Nikampigia Abdallah. Alikuwa kwenye foleni ya malori, na mbao alizopata zilikuwa ndefu, zinahitaji kukatwa. Nilipoangalia saa, karibu saa mbili zilikuwa zimekwisha.

Niliinuka nikamwendea Mzee Egesa. Alikuwa amekaa juu ya nguzo zake. Hakunifanya niombe. Aliposikia tu nikisema "Mzee," akasimama na vijana wake wakasimama. Wakaisogeza pampu mbali, wakaunga bomba, wakaiwasha. Wakashuka. Mimi nilikuwa ukingoni nikitazama kuta, na ninakiri kwamba sijaona kazi nzuri kama ile. Nguzo, ubao, kabari, hatua. Hapakuwa na maneno mengi. Ilikuwa kama Emuria mwenyewe yuko chini. Katika muda usiofika saa moja na nusu walikuwa wamefika juu ya kichwa cha Wanyama, mkono wa Egesa ukamshika bega.

Kuta za chini zilikuwa zimelowa kwa muda ule wote maji yalipopanda. Niliona ufa, nikapiga kelele watoke, na upande ule ambao mbao zilikuwa hazijafika ukateremka wote, polepole, kama uji unaomwagwa. Egesa alivutwa juu akiwa ameshika shati. Shati tu.

Tulimtoa Wanyama saa kumi jioni, ameshafariki. Mzee Egesa alinawa mikono kwenye ndoo, akampa Taaka pole, akakusanya vijana wake, akaondoka. Hesabu ya saa ilikuwa rahisi mno. Kazi yake yote ilimchukua chini ya saa moja na nusu. Alikuwa ameomba kuianza saa nne na nusu, maji yakiwa bado hayajapanda.

Kamati iliundwa kuchunguza. Waliuliza kama kituo kilikuwa na mazoezi ya uokoaji wa mashimoni. Nikaleta kitabu. Wakakipekua, wakaona kurasa safi, mwezi baada ya mwezi, sahihi yangu chini. Wakaandika kwamba kituo kilikuwa kimejiandaa ipasavyo na kwamba ardhi ilikuwa mbaya. Nilipewa barua ya pongezi kwa utulivu wangu. Bado ninayo. Sijui kwa nini sijaichoma.

Wiki mbili baadaye Emuria akaja kituoni. Alikuwa amezeeka, anatembea na fimbo. Alisalimia wapishi, akaingia ofisini, akaomba kuona kitabu cha mazoezi. Akavaa miwani, akasoma ile miezi tisa yote, ukurasa kwa ukurasa, bila haraka.

"Haya mlifanya?" akaniuliza.

Nikasema tulifanya.

"Kwa mbao zipi?"

Nikamwambia tuliazima. Alinitazama, akatoa kijiti cha kiberiti mdomoni, akakitazama hicho pia. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba alikuwa amepita uwanjani kabla ya kuja kwangu, na zile ncha nyekundu alizipaka yeye. Alifunga kitabu. Akaomba chai, akazungumza habari za karanga zake na mvua iliyochelewa, akaniaga vizuri. Hakukanyaga tena kituoni. Mara mbili nilitoka nyumbani nikiwa na nia ya kwenda kwake nimwambie ukweli, na mara zote mbili nilipata shughuli njiani. Mwaka uliofuata alifariki. Mazishini wenzangu walibeba jeneza. Mimi nilisimama nyuma, karibu na wapishi, na mkewe alipoita watu wa kazini wasogee mbele, nilijifanya napokea simu.

Hapa mtauliza nilifanya nini baadaye, maana mliniona kazini miaka mingi baada ya hapo. Nilimfuata Mzee Egesa. Nilienda Jumamosi, bila sare, nikamkuta anasuka kamba. Nikamwambia nataka kujifunza. Akaniuliza kujifunza nini, mimi si ndiye mtaalamu? Nikabaki nimesimama. Akanisogezea kigoda.

Jumamosi nyingi nilishuka naye. Alinifundisha kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole na kusikia pale udongo ulipoachana na mwamba. Alinifundisha kwamba maji safi yanayodondoka si ya kuogopwa sana, lakini yakianza kuwa na rangi ya chai ya maziwa, toka. Mambo hayo hayakuwa katika karatasi zozote za mafunzo. Nikamwalika kituoni, yeye na wachimbaji wengine, tukafanya mazoezi pamoja, wao wakatufundisha mashimo, sisi tukawafundisha kumfunga mtu kwenye machela na kumpandisha asiumie shingo. Mazoezi ya mashimo mnayoyafanya leo pamoja na watu wa Tiira yalianzia hapo. Kisima kilipobomoka Kiyeyi, watu wawili walitoka hai, na mmoja wao huuza nyanya karibu na kanisa letu. Nafurahi kumwona. Lakini nisiwadanganye, kumwona hakujafuta kitu.

Neno moja la kazi, kwa mtakaopewa kitabu kile. Mkitaka kujua kama zoezi lilifanyika kweli, tafuteni malalamiko. Zoezi la kweli huacha uchafu kitabuni: fulani amebana kidole, kamba fupi imepotea, kabari nne zimepasuka, fulani hakuja akasema anaumwa. Mkikuta ukurasa unaosema wote wamehudhuria na hakuna tatizo, mwiteni aliyeuandika mkamtazame usoni. Kama angenifanyia mtu hivyo mwezi wa kwanza, nadhani ningelia na kusema. Mwezi wa tisa nilikuwa nimeshakuwa hodari.

Na jambo la pili ni lile la kofia. Mtakapofika mahali pa ajali, yupo mtu pale anayejua mahali hapo kuliko ninyi. Mara nyingi hana viatu. Mtafuteni kabla ya kushusha vifaa.

Lililobaki ndilo hasa lililonishinda kusema mbele yenu.

Mwaka jana, nikiwa nimeshastaafu, nilimtafuta Taaka. Niliambiwa alihama Tiira, anauza samaki wakavu sokoni Busia. Nilimpata kabla ya adhuhuri, amekaa nyuma ya gunia lake, nywele zimeanza mvi. Hakunitambua mpaka nilipotaja jina. Aliniita afande, akaniletea debe nikae, akaniambia watoto wamekua, mkubwa ni fundi wa pikipiki. Wateja walikuja, akawapimia, wakaenda. Nilikaa pale muda mrefu nikiulizia bei ya samaki.

Mwisho nikasema. Nikamweleza mbao na jukwaa, na kitabu na miezi tisa. Nikamweleza pampu. Nikamwambia kwamba Mzee Egesa aliniomba mapema nami nikamkatalia kwa sababu hakuwa na viatu. Hakunikatiza. Aliendelea kupanga samaki mmoja mmoja, vichwa upande mmoja.

Nilipomaliza akaniuliza, "Kama miti ingekuwako asubuhi ile, angetoka?"

Nikasema, "Angetoka."

Aliacha kupanga samaki. Mteja mmoja akasimama, akamwona usoni, akaenda zake.

"Mazishini wote waliniambia ni Mungu amepanga," akasema. "Pasta, shemeji zangu, wote. Mimi nikaacha kanisa. Niliambia Mungu, kama ni wewe umefanya hivi, sikuji kwako tena. Watoto yangu sikubatiza. Miaka hiyo yote, afande. Kumbe ni wewe."

Nilimwomba msamaha, na sauti yangu mwenyewe niliisikia ndogo kama ya mtu aliye chini ya shimo. Hakusema amenisamehe, na hakusema hajanisamehe. Aliinuka, akamwomba jirani yake wa nyanya amwangalizie gunia, akajifunga leso, akatoka sokoni akielekea upande wa kanisani, mchana kweupe, siku ya kazi. Nilibaki pale nikilinda samaki pamoja na yule jirani mpaka jua likapinduka, kisha nikaenda kutafuta gari la Tororo.